Mkono wa Wilondja Katika Kikao cha Wewoka

Wapendwa katika Bwana, wachungaji wetu, wazee wa Houston na wa Dallas, wakwe zetu mlioondoka Oklahoma kabla jua halijatoka, majirani wa DeSoto na madereva waliofanya kazi na marehemu, familia ya mzee Alimasi imemtuma Vital, mdogo wa marehemu, asimame mbele yenu asome maisha ya kaka yake polepole, na kwa kuwa Vital husoma polepole hata asipoombwa, tunawasihi mkae vizuri.

Marehemu Wilondja Alimasi alizaliwa Baraka, katika Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Alimasi, fundi wa baiskeli, na mkewe mama Nyassa, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Karatasi zake zote zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1974, kama zinavyosema karatasi za nusu ya watu walioketi humu ndani, lakini mama yetu alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba alimzaa mwezi wa tano, siku ya Jumapili, ibada ikiendelea, na kwamba mchungaji aliposikia kilio cha mtoto nje ya dirisha hakufupisha mahubiri hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Baraka kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari mpaka mwaka wa tatu, kisha akamsaidia baba kwenye baiskeli hadi vita vilipofika mwezi Oktoba 1996, ndipo familia ikavuka ziwa kwenda Kigoma na kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu, ambako marehemu aliishi miaka kumi na saba. Kule kambini mambo yote makubwa yalikuwa yameshaamuliwa na watu wasiolala kambini, nani atakula nini, nani atahamia wapi, na hata nani ataitwa kiongozi, kwa hiyo marehemu akajifunza jambo moja ambalo wote tuliopita huko tunalijua, kwamba mtu akisimama mbele ya watu na kuanza kuuliza nani, nani hana ndoo, nani hajapata sabuni, nani anataka kuombewa, wewe unanyoosha mkono kwanza, halafu ndipo unamuuliza jirani swali lilikuwa nini.

Tarehe 19 Septemba 2013 Mungu alimfikisha Fort Worth, Texas, akafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama hadi Juni 2014, kisha akaajiriwa kuwa dereva wa gari linalowapeleka wagonjwa kliniki, akiwahudumia watu wa kusini mwa Dallas. Miongoni mwa abiria wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa DeSoto aliyekwenda kusafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mama mweusi mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, naye ndiye baadaye alikuja kuwa mama mkwe wake. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu msomaji naye ni mtoto wa nyumba iliyooa huko, na ninyi mnaomjua mnajua ni nani, ameketi pale mbele, figo zake bado zinamsumbua na bado anatuzidi sote sauti.

Siku ya kwanza marehemu alimuuliza kama yeye ni Mmarekani mweusi kama majirani zake, mama akamjibu, "Mimi ni Mseminole, kijana, angalia barabara," na kuanzia hapo kila safari ikawa somo. Akamweleza kwamba Waseminole walikuwa Florida, wakapigana na serikali ya Marekani miaka mingi, wakahamishwa kwa nguvu mpaka nchi inayoitwa leo Oklahoma, na kwamba watu weusi walioishi nao na kupigana pamoja nao walihamishwa nao, na ndio mababu zake. Akamweleza kwamba walikuwa na machifu wao, sheria zao na baraza lao, kisha mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ikaigawa ardhi yao vipande vipande na kulilegeza baraza lao, mpaka ikafika wakati chifu wa Waseminole hakuwa mtu wa kuchaguliwa na Waseminole peke yao, na kwamba mwaka 1969, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, wakapata katiba mpya na Baraza Kuu lenye wajumbe wawili kutoka kila kundi, makundi kumi na manne, mawili kati yake yakiwa ya wazao wa wale watu weusi, na mtoto akihesabiwa katika kundi la mama yake. Akamweleza pia kwamba mwaka 2000 kulipigwa kura ya kuyatoa makundi yale mawili barazani, ukawa ugomvi mkubwa, mwishowe yakarudi kwenye viti vyao, na ndiyo sababu kwao kila kikao, hata cha kupanga chakula cha sikukuu, ni kwenda kuhakikisha kwamba mlango bado unafunguka.

Miezi ya kwanza marehemu alikuwa akielewa neno moja katika manne, lakini alipoelewa alimpigia simu Vital huko Houston akamwambia kwamba amewapata watu waliohamishwa kwa nguvu kama sisi, wakaamuliwa mambo yao na wengine kama sisi, halafu wakarudi wakaketi chini wakajiamulia wenyewe, tena kwa kelele nyingi, na kwamba kabla hajafa anataka kuingia ndani ya kikao cha namna hiyo walau mara moja, akione kwa macho yake.

Kuhusu ndoa, mama huyo alikuwa na binti mmoja, Natalia, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye jioni moja alitoka nje kumuuliza dereva kwa nini mama yake anachelewa kurudi kila siku ilhali kliniki iko karibu, marehemu akasema ukweli, kwamba huendesha taratibu ili hadithi iishe, na Natalia, aliyekuwa amezisikia hadithi hizo tangu tumboni, akashangaa kukutana na mtu anayezitaka. Wazee wetu wa Houston walipopeleka posa walifanya kama tulivyozoea, wakampelekea baba yake Natalia mbuzi wawili, baba akawapokea kwa furaha, akala, akashukuru, kisha akawaeleza kwa upole kwamba kwa upande wa ukoo yeye si wa kuulizwa, wa kuulizwa ni kaka yake mama, na huyo kaka yake mama alipofika alitazama mifupa akauliza, "Na mimi wangu yuko wapi?" ikabidi wazee warudi tena sokoni. Ndoa ilifungwa kanisani DeSoto, Jumamosi tarehe 25 Julai 2015, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fortunée, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2016, na Alimasi, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 2019, ambao kwetu huhesabiwa kwa baba na kwa Waseminole huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo hawajawahi kukosa pa kwenda sikukuu, wamekosa tu pa kupumzika.

Ila ndoa hiyo ilileta shida moja kazini, maana kwetu mkwe wa kiume halitamki jina la mama mkwe, haketi naye meza moja wala hamkazii macho, na huyu alikuwa abiria wake wa mara tatu kwa wiki. Marehemu alimhamishia kiti cha nyuma, akawa anamwangalia kwa kioo tu, kwa ajili ya usalama, na pale kliniki alipoulizwa amemleta nani alionyesha kadi kwa kidole na kutazama dari, mpaka wahudumu wakadhani hajui kusoma wakamletea kitabu cha watoto. Mama Mkwe mwenyewe hakuelezwa, kwa kuwa kumweleza kulihitaji kuongea naye jambo linalomhusu, na hilo nalo halikuruhusiwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi tarehe 20 Mei 2017, siku ambayo marehemu alitimiziwa haja yake ya kuingia katika kikao cha Waseminole, kikao cha kundi la Mama Mkwe, huko Wewoka, Oklahoma, ambako siku hiyo walikuwa wanamchagua naibu mwenyekiti wa kundi, na wagombea walikuwa wawili, Mama Mkwe na Bwana Brandon, mtoto wa binamu yake, kijana wa miaka hamsini na miwili. Watu walikuwa wachache, na akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ndipo kikao kiwe halali, ilipatikana kwa shida baada ya mzee mmoja kuamshwa kwenye gari lake. Wageni waliambiwa wakae nyuma karibu na chakula, lakini marehemu alikuwa amempakata Fortunée aliyelala, na feni ilikuwa mbele, akaketi kando ya mke wake katikati ya wanakundi, na kwa kuwa wanakundi wale ni weusi kama yeye, hakuna aliyemwuliza kitu.

Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akasimama akauliza nani anamtaka Brandon, na mkono wa marehemu, uliokaa kambini miaka kumi na saba, ukapanda wenyewe, kisha mwenyekiti akauliza nani anamtaka Mama Mkwe, mkono ukapanda tena, kwa moyo wote, ukiwa juu kuliko mikono mingine. Mama Mkwe alikuwa ameshinda kwa kura moja, watu wakaanza kupiga makofi, lakini katibu akasema kura ni nyingi kuliko watu, wakahesabu tena watu, wakahesabu tena wakiwa wamesimama, na mwenyekiti akavua miwani akasema, "Jamani, tumeongezeka bila kuzaliana." Mmoja akasema kwa sauti yule aliyembeba mtoto wa Natalia si mtu wetu, mwingine akamwambia nyamaza, ni wetu, huoni pua ile, wa tatu akasema pua gani, huyo ni dereva.

Marehemu, aliyekuwa mcha Mungu na hakujua kujificha, alisimama na mtoto begani akasema ni mimi, nisameheni, mwenyekiti akamwuliza alimpigia nani, akajibu, "Bwana Brandon," na hapo Mama Mkwe akageuka na kiti chake chote kumtazama, naye kwa heshima akatazama sakafu, jambo lililomfanya aonekane mwizi zaidi. Akaulizwa na mkono wa pili ulikuwa wa nani, akasema wa yule mwingine, akaambiwa mwingine ana jina, akasema najua, akaambiwa basi mtaje, akasema siwezi, akaambiwa huwezi kwa nini, akamhamishia mtoto bega la pili mpaka akaamka. Bwana Brandon, ambaye anapenda mambo yafuate taratibu, na yupo hapa leo, alisimama akasema kumbukumbu za kikao haziwezi kuandika yule mwingine, kwamba mkono mmoja umebaki bila jina la kuupunguzia, na kwamba kundi hili limepigania kiti chake muda mrefu mno, haifai watu wasikie kwamba linahesabu wapita njia. Alikuwa amesema kweli, na uchaguzi ukafutwa, ukapangwa upya tarehe 24 Juni.

Njiani kurudi DeSoto, walipopita kituo cha pili cha mafuta, Mama Mkwe akasema, "Miaka mitatu namsimulia habari zetu, halafu anampigia Brandon," ndipo Natalia akamweleza desturi ya mkwe na jina, na kwamba ule mkono wa pili ulikuwa wa mama, mama akauliza, "Jina langu ni baya kiasi hicho?" Natalia akasema hapana, mama, ni heshima, mama akasema, "Basi mwambie huyo mheshimiwa kwamba heshima yake imenikosesha uchaguzi," na marehemu, aliyekuwa anaendesha hatua moja mbele yao na anasikia kila kitu, akasubiri aambiwe. Alituambia baadaye kwamba tangu avuke ziwa hakuwahi kuogopa namna ile, maana alikuwa ametafuta kwa maisha yake yote mahali ambapo watu wanajitawala, akapata, akaingia, na ndani ya nusu saa akapaharibu.

Hakutaka kuomba msamaha kwa mdomo peke yake, akamwendea mwenyekiti akamwomba ruhusa ya kuwatafuta wanakundi wanaoishi huku Texas walioacha kuja vikaoni, akakubaliwa, na Mchungaji Mugisho wa Houston akamwazima basi dogo la kanisa. Alianza na wale waliojulikana na Mama Mkwe, hao wakamwelekeza kwa wengine, akaenda Lewisville kwa bwana mmoja aliyedhani kundi lilikwisha kufa, akaenda Fort Worth kwa mama aliyesusa vikao tangu mwaka 1991 kwa sababu ya sahani ya maandazi ya zabibu, akaenda Houston akakaa kwa Vital siku tisa akizunguka nyumba kwa nyumba, na kila aliyekubali kwenda alikaribishwa kwa Vital kula samaki, sombe, yaani kisamvu, na ugali, kwa hiyo waliokubali walikuwa wengi. Vital alimwambia, "Kaka, waulize kwanza watampigia nani," marehemu akakasirika akasema mtu hakokotwi kwenda nyumbani kwake halafu akaulizwa mlangoni atasema nini.

Siku ya tarehe 24 Juni ukumbi wa Wewoka ulijaa mpaka viti vikaazimwa kanisani, na marehemu mwenyewe alifungiwa jikoni na chungu cha sofki, uji wao wa mahindi, ambao alisema ni uji wa nyumbani uliopotea njia, akapewa mwiko ili mikono yake iwe na kazi. Kura zikapigwa, na Bwana Brandon akashinda kwa mbali sana, kwa sababu basi zima la Houston walikuwa watu wa upande wa mama yake Brandon, hakuna asiyejua hilo isipokuwa dereva wao. Marehemu aliyasikia matokeo kupitia ukutani, akakoroga uji ule mpaka ukawa ugali.

Safari hiyo, walipovuka daraja la Mto Mwekundu na kuingia Texas, Mama Mkwe akaanza kucheka, akacheka mpaka Natalia akaogopa, akasema, "Umenikusanyia ukumbi mzima waje wanipige," na hiyo ndiyo mara ya kwanza, tangu uchaguzi ule ufutwe, alipomsemesha marehemu mwenyewe bila kupitia kwa Natalia. Kisha akamwambia kwamba tangu katiba ya 1969 hajawahi kuona ukumbi ule ukiazima viti, kwamba mwezi uliopita angeshinda kwa watu wachache na mzee aliyeamshwa usingizini, na kwamba kushindwa na watu wako wote ni bora, ingawa inauma, na asizoee.

Kuanzia hapo hadi mwaka 2023 marehemu aliwapeleka watu wa Dallas, Fort Worth na Houston vikaoni, akiketi jikoni wakati wa kura kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka 2019 alipata uraia wa Marekani, akapiga kura kwa mara ya kwanza inayoruhusiwa, akarudi akasema foleni ilikuwa nzuri na watu walikuwa na adabu, ila alisikitika kwamba hakuna aliyebishana naye mle ndani.

Mnamo Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Dallas, kisha Januari 2025 akahamishiwa Houston kwa upasuaji, akawa anakaa kwa Vital. Siku chache kabla ya mwisho alimwita Vital na Natalia akasema anaomba azikwe Oklahoma, katika makaburi ya ukoo wa mke wake, ambamo kwa utaratibu wao mtu asiye wa ukoo hazikwi mpaka kikao kikubali, akasisitiza kwamba msiwaombe kwa simu, msiwalilie, wakutane waamue, na wakikataa mnizike Houston wala msiwalaumu. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja kwa karatasi, na hamsini kwa hesabu ya mama yetu.

Familia inawaomba radhi kwa kuchelewa kwa mazishi haya, na sababu yake ni kwamba kikao cha Jumamosi tarehe 15 Machi kiliitishwa na akidi haikupatikana, kwa kuwa mtu aliyekuwa akiwaleta watu ndiye aliyekuwa akijadiliwa. Vital, kwa uchungu, alimpigia Bwana Brandon akamsihi aidhinishe tu, sisi ni ndugu, Bwana Brandon naye akajibu huku analia kwamba utaratibu hauna shemeji, na kwamba marehemu mwenyewe angemkasirikia. Jumamosi iliyofuata, tarehe 22, hakuna aliyefuatwa, hakuna aliyepigiwa honi mlangoni, na watu walitoka Houston usiku, wakatoka Lewisville, Fort Worth na DeSoto, kila mmoja kwa gari lake, wengine wakapotea njia kwa kuwa hawakuwahi kuiangalia, wakafika. Walibishana saa mbili, kisha wakakubali azikwe kwao, wote isipokuwa mmoja, ambaye ni Mama Mkwe, aliyesimama akasema anataka kaburi liwe DeSoto, karibu na kliniki, mahali ambapo mgonjwa wa figo anaweza kufika mara tatu kwa wiki. Wakamsikiliza mpaka mwisho, wakahesabu, akashindwa, akaketi, akaagiza jina lake liandikwe katika kumbukumbu kwamba alikataa, kisha akainuka akawauliza walio wengi nani kati yao atakuwa akimpeleka, na wakajitokeza zaidi ya viti vya gari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Dallas na Houston, wahudumu wa kliniki ya figo, waajiri wake na madereva wenzake, majirani wa DeSoto kwa vyakula, Mchungaji Mugisho kwa basi, na wakwe zetu kwa kutuamulia kwa haki, na tunamwomba Bwana Brandon, atakapokuja kutoa salamu, atumie dakika tatu. Maziko yatakuwa Jumatatu tarehe 31 Machi, saa tano asubuhi, kaunti ya Seminole, Oklahoma, na kila mtu aje kwa usafiri wake.

Bwana alitoa kwetu dereva, Bwana amempumzisha, jina lake lihimidiwe. Kaka Wilondja, wamekukubali, pumzika sasa kwao kwa amani.